Nani Mtoto, Nani Mama

Kila mwaka, siku chache kabla ya Noeli, hujengwa pango katika kanisa la kigango chetu: makuti, majani makavu ya mgomba, ng'ombe wa udongo aliyevunjika pembe moja. Usiku wa mkesha, Mtoto Yesu hulazwa horini. Mwaka juzi nilimwona bibi mmoja akingoja watu wapungue. Akasogea, akavua mtandio wake, akamfunika yule Mtoto miguu, ingawa joto la Desemba lilikuwa la kutoa jasho. "Lala, baba, lala," akamwambia, kama mtu anayembembeleza mjukuu. Kisha akapiga magoti na kuanza kumwomba huyohuyo aliyemfunika.

Tangu siku ile najiuliza: alikuwa nani mbele ya hori lile? Bibi wa Yesu, au mtoto wake? Jibu nililipata pale nilipoiweka ibada yetu karibu na ibada nyingine, ya Wahindu wanaomlea Krishna mtoto.

Kwanza, anayesali kama mtoto. Teresa wa Mtoto Yesu alizaliwa Alençon, Ufaransa, mwaka 1873. Aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux akiwa na miaka 15, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1897, akiwa na miaka 24. Katika maandiko yake anakiri kwamba mara nyingi usingizi ulimchukua saa ya sala, wala hakuhangaika, kwa kuwa wazazi humpenda mtoto wao awe macho au amelala. Anakiri pia kwamba kuisali rozari peke yake kulimwia vigumu kuliko kuvaa chombo cha kujitesa, mawazo yalimtoroka. Mwishowe akatulia, akiamini kwamba Mama wa mbinguni anaiona nia yake. Huyo ndiye Mama ambaye mwaka 1883, Teresa akiwa mgonjwa wa miaka 10, alimtabasamia kupitia sanamu iliyokuwa karibu na kitanda chake, naye akapona.

Kwa Mtoto Yesu alijitoa awe kichezeo. Hakutaka kuwa kile cha bei ghali ambacho watoto hukitazama bila kuthubutu kukigusa. Alitaka kuwa mpira mdogo tu, ambao Yesu angeweza kuutupa chini, kuupiga teke, kuutoboa au kuusahau pembeni. Wapo wanaoona utamu wa kitoto katika maneno hayo na kuyapuuza. Mimi sikubaliani nao. Teresa aliushikilia mpira huo hata alipoingia katika giza la imani, tangu Pasaka ya mwaka 1896 hadi kufa kwake, akiwa hasikii tena furaha ya mbinguni. Furaha yake ilikuwa uamuzi wa kutojiondoa mikononi mwa Yesu. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, na sioni kwamba alizidisha.

Watoto wa Fatima, Ureno, nao walikuwa na njia yao. Lucia, Francisco na Jacinta walipokuwa wakichunga kondoo walitakiwa kusali rozari, nao walitaka kucheza. Basi wakapitisha punje zote wakitamka "Salamu Maria, Salamu Maria" na kuliacha lililobaki, wakimaliza kwa dakika chache. Hao ndio waliosema kwamba Bikira Maria aliwatokea mwaka 1917. Baadaye wakaisali rozari yote. Inanigusa kwamba Mama hakusubiri kwanza wajue kusali.

Sasa twende India. Wafuasi wa Vallabha, mwalimu aliyeishi kati ya mwaka 1479 na 1531, hawajifanyi watoto mbele ya Mungu. Wao ndio wazazi, Mungu ndiye mtoto. Katika mji wa Nathdwara, Rajasthan, mahali anapokaa Krishna huitwa haveli, yaani jumba la kuishi. Asubuhi huamshwa, huvishwa, huwekewa vichezeo, hulishwa, hupumzishwa mchana, na usiku hulazwa. Milango hufunguliwa mara nane kwa siku ili watu wamwone. Majira ya baridi huvishwa nguo zilizotiwa pamba. Wafanyabiashara Wabhatia waliotoka Kutch kuja Unguja karne ya 19 walikuwa watu wa njia hiyo, kwa hiyo si jambo la mbali sana na pwani yetu.

Wakatoliki nao wana chembe ya malezi hayo. Sanamu ya Mtoto Yesu wa Praha, ambayo Polyxena wa Lobkowicz aliwapa Wakarmeli mwaka 1628, hubadilishiwa mavazi mpaka leo. Lakini mtoto yule amevaa taji na kushika dunia mkononi; ni mfalme. Na pango letu hubomolewa baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, kwa kuwa Mtoto wetu anakua, na majuma machache mbele inamngoja Kwaresima. Krishna wa haveli huamshwa akiwa mtoto kila siku ya mwaka.

Tofauti kubwa zaidi iko kwa akina mama wawili. Yashoda, mlezi wa Krishna, anaambiwa kwamba mtoto amekula udongo. Anamwamuru afungue kinywa, na humo anaona ulimwengu mzima: milima, bahari, nyota, hata yeye mwenyewe. Anatetemeka. Mara Krishna anamfanya asahau, naye anampakata kama zamani. Kwa simulizi hilo kusahau ni zawadi, maana nani angemkaripia Muumba wa nyota kwa kula udongo?

Maria hakupewa kusahau. Luka anasema mara mbili, katika sura ya pili, kwamba aliyaweka hayo yote moyoni. Mtoto anapopotea akiwa na miaka 12 na kupatikana hekaluni siku ya tatu, Maria anamkaripia kama ambavyo mama yeyote wa Kiswahili angefanya. Anapata jibu asilolielewa. Anarudi naye Nazareti, anaendelea kumpikia, hali moyoni anajua kwamba ana Baba mwingine. Anamlea Mungu bila kusahau kwamba ni Mungu.

Ndiyo maana bibi wa kigango chetu hakukosea. Mtandio wake ulikuwa wa Maria, magoti yake yalikuwa ya Teresa. Katika njia ya Vallabha mtu husimama upande wa mama; Teresa alipenda kusimama upande wa mtoto. Mkatoliki anaruhusiwa pande zote mbili, kwa sababu Maria, aliyemfunika Yesu horini, alikabidhiwa sisi pia awe Mama yetu chini ya msalaba.

Katika rozari, matendo ya furaha husaliwa Jumatatu na Jumamosi. Ukifika tendo la tano, Yesu kupatikana hekaluni, usiliharakishe. Kaa kidogo na Maria njiani, kabla hajamwona Mtoto wake.