Kuuvika Ukuta: Uso wa Nyumba Bondeni Kyela, Kutoka Mianzi hadi Paneli za PVC

Adui mkubwa wa ukuta wa nje katika bonde la Kyela ni maji. Katumba Songwe, ndani ya bonde hilo, iko kwenye nchi tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, karibu na mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi. Milima imeikinga tambarare hiyo, nayo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka juu na kutulia ghafla ikifika bondeni. Sehemu nyingi za wilaya ya Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ya upepo huupiga ukuta ubavuni, na mto ukifurika maji huuingia kutokea chini. Kila kizazi cha wajenzi wa huku kimelazimika kutafuta kitu cha kuuvika ukuta wake.

Nyumba za Wanyakyusa, wenyeji wa bonde hili, ziliwashangaza wageni wa mwanzo kutoka Ulaya. James Frederic Elton alipita mwaka 1877, na Joseph Thomson akafika mwaka 1879. Thomson, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu kila alichokiona safarini, alivutiwa na usafi wa vijiji, migomba iliyopandwa kwa mpango na nyumba zenyewe. Ukuta ulisimamishwa kwa mianzi, mara nyingi ukiinamia nje kidogo kuelekea juu. Nafasi kati ya mianzi zilijazwa madonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono na kupangwa kwa ustadi. Kuinama huko hakukuwa pambo tu. Paa la nyasi lilitokeza mbele ya mguu wa ukuta, hivyo maji yalidondoka mbali na mahali ambapo udongo ungelainika kwanza.

Kazi iligawanywa: wanaume walisimamisha nyumba, wanawake wakasiriba. Kusiriba hakukuwa kazi ya mara moja, kwa kuwa udongo uliochujwa na mvua ulihitaji kurudishiwa. Hata hivyo hakuna aliyetegemea nyumba idumu kwa vizazi. Mchwa na dumuzi walikula mianzi, na utaratibu wa Wanyakyusa wa vijiji vya rika, walioueleza wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson baada ya utafiti wao wa miaka ya 1930, uliwafanya vijana waondoke kwa wazazi na kuanzisha makazi yao. Mali ya kurithiwa ilikuwa ng'ombe, nao katika nyumba nyingi walilala ndani, upande mmoja wa nyumba ndefu. Mianzi ilipandwa karibu na makazi, kwa hiyo ukuta uliooza ulimgharimu mwenyewe jasho tu.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walianza kazi Rungwe, na wenzao wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, wakaingia nchi ya Wanyakyusa mwaka huohuo. Walikuja na tanuri la matofali, msumeno wa kupasulia mbao na wanafunzi wa useremala. Serikali ya Wajerumani nayo ikajenga kituo cha Langenburg ufukweni, kisha makao yakahamia juu, Tukuyu, palipoitwa Neu-Langenburg. Majengo haya yalileta wazo geni: nyumba ya kudumu mahali pamoja.

Mbao zilibaki kwenye milango, madirisha na kenchi za paa. Kuta za mbao, zilizo jambo la kawaida Skandinavia na Marekani Kaskazini, hazikuota mizizi Kyela. Sababu si ngumu kuziona: bonde lina joto na unyevunyevu, mchwa ni wengi, na mbao ya kuvika nyumba nzima ni ghali mno mahali ambapo udongo unachimbwa bure nyuma ya jikoni.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mishahara zaidi ya mahubiri. Dhahabu iligunduliwa Lupa, upande wa Chunya, mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda huko. Wengine walivuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ile ya dhahabu ya Afrika Kusini, hii ya pili kwa njia ya shirika la kuajiri lililojulikana kote kama Wenela. Waliporudi, fedha zilizosalia baada ya mahari na ng'ombe zilinunua bati na kulipa mafundi wa tofali. Baadaye mpunga na kakao viliendeleza kazi hiyo. Hadi leo msimu mzuri wa mauzo huonekana kwenye matanuri yanayofuka moshi kando ya njia.

Tofali la kuchoma lilishinda mianzi kwa uimara, lakini nalo lina udhaifu wake. Tofali la tanuri la kienyeji haliivi sawasawa. Lililokaa pembeni hunywa maji, na likijengwa kwa tope badala ya saruji, mvua hutafuna viungo. Dawa yake ni lipu. Saruji ilipatikana kwa shida katika nyanda hizi hadi kiwanda cha Mbeya kilipoanza uzalishaji miaka ya 1980, pale Songwe. Msomaji asichanganye: Songwe hiyo ni ya mto mwingine, unaoelekea Ziwa Rukwa. Hata baada ya hapo wenye nyumba wengi walipiga lipu upande wa mbele tu na kuacha pande tatu tofali tupu. Ukuta wa mbele ndio uliotazamwa na wapita njia, na aliyejenga alijua.

Desemba 2009 ardhi yenyewe iliingilia hesabu hizo. Mfululizo wa matetemeko ulilikumba eneo la Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mto wa mpakani, na kubwa zaidi, la usiku wa Desemba 19 kuamkia 20, lilifikia ukubwa wa 6.0. Nyumba nyingi za udongo na za tofali zisizo na nondo zilipasuka au kuanguka. Bonde hili ni sehemu ya Bonde la Ufa, na ukuta mzito usiofungwa vizuri ni hatari kwa anayelala chini yake.

Vazi jipya zaidi la ukuta, plastiki ya PVC, lilifika kwa hatua. Mfaransa Henri Victor Regnault aliiona maabarani miaka ya 1830 bila kuitafutia kazi. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon alipata njia ya kuilainisha ili ifae viwandani. Wamarekani walianza kuvika kuta za nje kwa PVC mwishoni mwa miaka ya 1950, wakiiga mbao walizokuwa wamechoka kuzipaka rangi. Nchini Tanzania ilizoeleka kwanza kama mabomba ya maji, kisha dari, kisha paneli za sebuleni zenye sura ya mbao, nyingi zikitoka China. Kuitoa nje ya nyumba ni hatua ya karibuni. Ajabu yake ni kwamba paneli hizi zinaiga nyumba ambayo Kyela haikuwahi kuwa nayo. Mistari ya mninga iliyochapwa juu ya plastiki inakumbusha samani za mwenye uwezo, wala si ukuta wa mababu.

Ufungaji wake unadai nidhamu ambayo fundi wa lipu hakuihitaji. Ukuta hukaushwa kwanza na nyufa kuzibwa, kwa sababu paneli huficha ufa bila kuutibu. Fito za mbao zenye dawa au za chuma hufungwa kwa skrubu, zikipimwa kwa pimamaji, ili hewa ipite kati ya plastiki na tofali na unyevu upate pa kutokea. Paneli ya mita 4 huweza kurefuka karibu milimita 8 joto lake likipanda kwa nyuzi 30. Kwa hiyo skrubu hukaa katikati ya tundu refu bila kukazwa hadi mwisho, na nafasi huachwa kwenye ncha. Fundi anayekaza kila kitu, akidhani ndiyo uimara, hurudi kukuta ukuta umevimba. Rangi za giza hunyonya joto zaidi na kurefuka zaidi.

Kosa lililo rahisi kufanywa ni kubandika nje paneli za dari. Hizo ni nyembamba, hazikutengenezwa kustahimili jua, na hupauka kisha kukatika. Paneli ya nje huwekewa kemikali za kuzuia mionzi, na bei yake huonyesha hivyo. Moto nao haupuuzwi: PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo haifai karibu na jiko la kuni.

Mchwa hawaili plastiki, na mvua ya ubavuni haiipenyi ikiwa viungo vimefungwa sawa. Lakini maji ya mafuriko huingia nyuma yake na kuacha tope kusikofikika. Kwa nyumba ya bondeni, paneli inafaa kuanzia juu ya alama ya mafuriko. Chini ya hapo, msingi mrefu wa mawe au lipu ya saruji ungali bora.