Nchi ikijiondoa katika soko la pamoja, hasara hujificha wapi?

TAIFA linapojitoa katika muungano wa kibiashara, mipaka haifungwi wala malori hayarudishwi. Kinachobadilika ni karatasi. Bidhaa iliyokuwa ikipita kwa cheti cha uasili, yaani hati inayothibitisha kwamba ilitengenezwa katika nchi mwanachama, huanza kutozwa ushuru sawa na ile inayotoka ng'ambo ya bahari. Mwenye kiwanda hupunguza faida yake au hupandisha bei, na mnunuzi humgeukia jirani ambaye bado yumo ndani.

Tanzania ilichukua hatua hiyo Septemba 2000, wakati wa utawala wa Rais Benjamin Mkapa, ilipojiondoa katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA). Haikuwa ya kwanza, kwani Lesotho na Msumbiji zilitoka mwaka wa 1997. Muda mfupi baadaye, Oktoba 31, 2000, mataifa 9, Kenya na Misri yakiwemo, yalifuta ushuru baina yao na kuanzisha eneo huru la biashara.

Sababu za Tanzania hazikuwa za kubezwa. Ilikuwa tayari mwanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), na kila muungano una ada, mikutano na masharti yake. Hazina ilitegemea ushuru wa forodha, nao wenye viwanda walihofia kuzidiwa na bidhaa za majirani waliowatangulia.

Kwa jumla, pigo halikuwa zito kama ambavyo lingekuwa iwapo Tanzania ingebaki peke yake. Zambia na Malawi zimo pia katika SADC. Biashara na Kenya na Uganda iliingia chini ya Umoja wa Forodha wa EAC, ulioanza Januari 1, 2005. Huko Tanzania ilipata hata nafuu: bidhaa zake ziliingia Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza, ilhali baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa kiwango kilichopungua kila mwaka hadi 2010.

Pengo lilibaki upande wa magharibi. Rwanda na Burundi zilijiunga na eneo huru la COMESA mwaka wa 2004, lakini zikaingia katika EAC mwaka wa 2007 na kuanza kutumia umoja wake wa forodha Julai 2009. Katika kipindi hicho cha miaka mitano na zaidi, sabuni iliyotengenezwa Nairobi ilistahili kufika Kigali bila ushuru baada ya kuvuka Uganda yote. Ile ya Mwanza, iliyopitia Rusumo, haikuwa na haki hiyo chini ya COMESA, ingawa Tanzania inapakana na Rwanda na Kenya haipakani nayo. Jiografia, kwa kifupi, ilishindwa na mkataba.

Soko la Misri nalo ni funzo. Misri ni mnunuzi mkubwa wa majani chai ya Kenya, yanayoingia huko chini ya masharti ya COMESA. Tanzania hulima chai pia, lakini haimo.

Hata hivyo, kutoka si kukata kila uzi. Tanzania imeendelea kushiriki katika bima ya magari ya Kadi ya Manjano ya COMESA, na ni mwenyehisa katika benki ya maendeleo yenye uhusiano na muungano huo.

Njia ya kurudi katika masoko hayo sasa inapitia mlango mwingine. Oktoba 2022, Tanzania na Misri zilikuwa miongoni mwa mataifa 8 yaliyoanza majaribio ya biashara chini ya Eneo Huru la Biashara Barani Afrika (AfCFTA), ambako ushuru hupunguzwa hatua kwa hatua.