Steringi Hafi: Historia ya Ugomvi juu ya Mashujaa wa Sinema

Tangu Julai 2024, ilipotangazwa mjini San Diego, Marekani, kwamba Robert Downey Jr., ambaye kwa zaidi ya miaka 10 aliigiza Iron Man hata akafa kifo cha kishujaa katika sinema ya 2019, atarudi katika Avengers: Doomsday akiwa hasimu wa mashujaa, Daktari Doom, mashabiki wamegawanyika makundi yasiyosikilizana, na mgawanyiko huo umefika hata Lumemo, pembezoni mwa mji wa Ifakara, ambako waendesha bodaboda wangojao abiria hulijadili jambo hilo kwa ghera ambayo zamani ilikuwa haki ya Simba na Yanga peke yao. Kundi la kwanza hushikilia kwamba Doom wa vitabuni ni Victor von Doom, mtawala wa Latveria, mtu mwenye nasaba yake, kisasi chake na kinyago chake cha chuma, na kwamba kumvika sura ya marehemu Tony Stark, yaani Iron Man, ni kumdhulumu yeye na kumfufua yule kwa hila. Kundi la pili hujibu kwamba mwenye mali ana hiari na mali yake, na kwa kuwa sinema imepangwa kutoka Desemba 2026, basi ni insafu kungoja kuliko kuhukumu kabla ya ushahidi. Yupo na wa tatu, aghalabu mkubwa wao kwa umri, asiyeegemea upande wowote: yeye husema hana neno mpaka asikie mtafsiri atakavyoieleza.

Jawabu hilo huchekwa, lakini kwangu lina uzito kuliko yale mawili, kwa sababu limebeba historia ndefu. Katika bonde la Kilombero, kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za Tanganyika zilizokuwa mbali na majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja, ilikuwa nadra mtazamaji kuletewa shujaa kama alivyotoka kwa watungaji wake. Aliletewa shujaa aliyekwisha kupita katika kinywa cha mtu wa pili, aliyesimama kando ya kitambaa cheupe au nyuma ya kipaza sauti, na ambaye kwa hiari yake alipunguza, aliongeza na alipamba.

Mtu huyo alianza kazi mapema. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliasisi jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika kilimo, siha na uwekaji wa akiba, chini ya Meja L. A. Notcutt; jaribio lile lilikoma 1937 baada ya kutoa filamu 35, ambazo zilizungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani, zikifuatana na sauti za maelezo katika lugha za wenyeji. Baada ya vita kuu ya pili magari ya sinema ya serikali yaliendeleza desturi hiyo, na 1952 ikaja Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili ambamo mkulima aliyeghilibiwa na mji aliigizwa na kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka 10 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Miaka ya 1970 ilileta reli ya TAZARA, iliyokata bonde lote la Kilombero kupitia Ifakara hata Mlimba, na pamoja nayo sinema za Kichina zilizooneshwa makambini kwa wafanyakazi, ambao wengi wao hawakujua neno moja la lugha ile. Mahali ambapo hakuna anayeielewa lugha, aelezaye ndiye mtungaji.

Ikaja video, na pamoja na video kikaja kibanda umiza. Msomaji aliyekulia mjini huenda hakijui, na kwa ajili yake nitakieleza kidogo: ni chumba cha mabati au cha miti na turubai, chenye mabenchi yasiyo migongo yaliyosogezwa mpaka magoti ya aliye nyuma yamguse mgongo aliye mbele, mlangoni pana pazia zito la kuzuia mwanga na macho ya wasiolipa, nje jenereta inanguruma, na ubao wa chaki unatangaza picha ya saa nane, ya saa kumi na ya usiku, kila moja kwa jina ambalo aghalabu siyo lililoandikwa juu ya kanda. Jua la Kilombero likiwa juu ya mabati hayo, hewa ya ndani huwa kama ya tanuri, na bado watu hukaa hadi mwisho.

Aliyewakalisha ni mtafsiri. Mwanzoni alikuwepo mwenyewe, akisema papo kwa papo. Baadaye sauti yake ilirekodiwa juu ya kanda na kuuzwa nchi nzima, na hapo ndipo lilipovuma jina la Lufufu, yaani Derek Mukandala wa Dar es Salaam, ambaye kwa wengi wa rika langu sauti yake nzito ndiyo sauti ya sinema yenyewe, hata tukiisikia picha ile ile katika lugha yake ya asili huiona imepungukiwa. Kazi yake haikuwa kufasiri maneno neno kwa neno. Picha ya Hong Kong inapoanza na majina ya waigizaji yanapita, mtafsiri hayaachi yapite bure. Huutumia wasaa huo kueleza nani ni nani, nani wa kuogopwa na nani msaliti, ingawa usaliti wenyewe bado haujatendeka. Wapiganaji wawili wanaposimama wakitazamana kimya kwa dakika nzima, ukimya ule yeye huujaza kwa habari za deni lililokuwapo baina ya baba zao, deni ambalo pengine mtungaji wa sinema hakulijua. Mwanajeshi wa Kimarekani hupewa utani wa mtani, mzee wa Kichina hunena kwa methali za pwani, na jambazi akikimbia huambiwa anaelekea Kariakoo.

Wapo waliopinga. Hutokea kijana aliyesoma sekondari, anayekisikia Kiingereza, akanyanyua sauti gizani kwamba yule mtu hakusema hivyo. Na jibu linalomrudia kutoka mabenchini halihusu Kiingereza hata kidogo, bali huulizwa kama amelipa aje kusikiliza au aje kufundisha. Msidhani, hata hivyo, kwamba hadhira ile ilikubali kila kitu. Ilikuwa na sheria zake, na kubwa kuliko zote ni kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa picha, hafi. Adui aweza kufa, rafiki wa steringi aweza kufa, na kwa hakika karibu kila mara alikufa, ili steringi apate sababu ya kisasi. Lakini steringi akipigwa risasi na picha ikaishia hapo, mwenye kibanda alishukiwa kwamba amekata kanda apunguze mafuta ya jenereta, na fedha zilidaiwa. Mtafsiri hodari alijua namna ya kuiokoa siku: hutangaza kwamba yule amezimia tu, au kwamba kisa kizima kitaendelea katika sehemu ya pili, ambayo wakati mwingine haikuwahi kutengenezwa na mtu yeyote.

Ustadi huu, na ugomvi wake, ni mkongwe kuliko mashine zote. Katika pwani yetu shujaa wa kwanza mwenye nguvu zipitazo za wanadamu ni Fumo Liyongo, ambaye silaha haikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Aliyefungwa gerezani akatoroka kwa tupa iliyofichwa na mama yake ndani ya mkate wa wishwa. Aliyechomwa usingizini, akaondoka na jeraha lake hadi kisimani, akapiga goti na upinde mkononi, akafa akiwa katika hali ile, na watu wa mji wakakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Askofu Edward Steere aliichapisha hadithi yake 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitunga kwa utenzi 1913; lakini kabla yao na baada yao wasimulizi wamekhitilafiana. Je, aliyemchoma ni mwanawe au mpwawe? Kwa wanaofuata riwaya ya mwana, hiyo ni hadithi ya mtoto aliyemuuza baba kwa ahadi ya ndoa na ufalme. Kwa wanaofuata riwaya ya mpwa, ni shauri la urithi wa ukoo, na ubaya wake ni wa namna nyingine kabisa. Badiliko la mtu mmoja tu, na shujaa yule yule anakufa kifo kingine. Wazee wa Kipini na Ozi wakimsahihisha msimulizi juu ya jambo hilo, wanafanya wafanyayo mashabiki wa Doom, ila wao wanaye msimulizi mbele yao, naye hawezi kuondoka barazani bila kujibu.

Tofauti hiyo ndiyo nitakayo msomaji aishike, kwa maana badiliko lenyewe mara chache ndilo linalowaudhi watu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Afrika Mashariki walimsoma kwa pupa Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na sigara kubwa, katika gazeti la hadithi za picha la African Film, wakamwona ni fahari ya bara lililojikomboa, ilhali wengi wao hawakujua kwamba kampuni iliyomtoa, Drum, ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, ambako polisi wa kweli hawakuwa na nafasi ya mtu kama yeye. Hapa kwetu Faraji Katalambulla, mtungaji wa Simu ya Kifo (1965), alimjibu kwa gazeti lake la picha, Film Tanzania, ambamo wapelelezi walipita katika mitaa tuijuayo. Sikumbuki mtu aliyelalamika kwamba Spearman amebadilishwa. Aliyebadilishwa na mwenzetu hakuonekana amebadilishwa, alionekana amerudi nyumbani.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa barua. Ilipotangazwa kwamba Michael Keaton, mchekeshaji, angemwigiza Batman katika sinema ya Tim Burton ya 1989, inasimuliwa kwamba kampuni ya Warner ilipokea barua 50,000 za kupinga. Picha ikatoka, ikapata faida kubwa, na waliopinga wakaipenda. Yaliyokuwa mazito ni ya T'Challa, mfalme wa Wakanda, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby 1966. Ryan Coogler alipomtengenezea sinema ya Black Panther, ambayo Februari 2018 ilioneshwa kwa shangwe hata Kisumu kwa heshima ya Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, alibadili mengi: M'Baku, ambaye vitabuni aliitwa Mtu-Nyani na kuvikwa manyoya, alikuja akiwa kiongozi mwenye busara na mzaha, na hapakuwa na aliyedai yale manyoya. Lakini Agosti 28, 2020, Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme huyo, alifariki akiwa na umri wa miaka 43, na Desemba mwaka ule kampuni iliyoitoa sinema ile ilitangaza kwamba hataigizwa T'Challa mwingine. Makumi ya maelfu ya watu walitia saini maombi ya kutaka atafutwe mwigizaji mpya, wakihoji kwamba aliyekufa ni Boseman, na mfalme hana sababu ya kuzikwa pamoja naye. Wengine, na familia za waombolezaji ni hivyo daima, waliona kumweka mtu mwingine katika vazi lile ni kukosa adabu kwa marehemu.

Sinema ya pili, Novemba 2022, ilianza na mazishi. Kwa mtu aliyelelewa na kibanda umiza hilo ni jambo zito, maana steringi alikufa kabla hajaonekana, na hakuna jenereta ya kushukiwa. Nilipata faraja, nakiri, kuona kwamba mwishoni kabisa anatokezwa mtoto wa marehemu mwenye jina la baba yake. Ni hila ile ile ya mtafsiri wetu ya sehemu ya pili, iliyofanywa kwa fedha nyingi zaidi.

Sheria haiko upande wa watafsiri, na haina budi kusemwa wazi: kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, kutafsiri kazi ni haki ya mwenye kazi, na wengi wa mabingwa wa kibanda hawakuwahi kumwomba mtu ruhusa. Imekuwa hivi, basi, kwamba mwenye haki ya kumbadili shujaa yuko mbali asikosikia zomeo, na anayezomewa kila siku, na kwa hiyo kujirekebisha, hana haki hiyo. Kenya wana DJ Afro, ambaye amejipatia wapenzi wengi kwa kazi hii hii. Uganda wana ma-VJ wao wa Kiganda, na kwao ndiko jambo hili lilikofika mbali kuliko kwetu. Isaac Nabwana, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alitengeneza 2010 Who Killed Captain Alex?, sinema ya vita na ngumi ambayo gharama yake husemwa kuwa dola 200 tu, na ikatazamwa na mamilioni ulimwenguni. Nakala isiyo na maelezo haikuhifadhiwa, kwa kuwa kompyuta ilihitaji nafasi ya kazi iliyofuata. Iliyobaki ni ile ambamo VJ Emmie hudakia katikati ya milio ya risasi, akisifu, akikebehi na kuwatangazia watu picha ijayo, na mashabiki waliopo leo Ulaya na Marekani hawana nyingine ya kuipigania.