Farasi na Baghala wa Vita vya 1916

Katika masika ya 1916, majeshi ya Kiingereza yalipokuwa yakiingia nchi hii, Tanzania Bara ya leo, iliyotawaliwa zama zile na Wadachi, yaani Wajerumani, jemadari Jaap van Deventer wa Afrika Kusini alishuka kutoka upande wa Arusha pamoja na askari wake wapandao farasi, akaitwaa Kondoa Irangi mwezi wa Aprili. Walakini farasi wengi walioondoka naye hawakufika, na waliofika walikuwa mifupa na ngozi.

Adui wao mkubwa hakuwa risasi. Mbung'o, nzi yule akunjaye mbawa zake zikalaliana mgongoni, humtia mnyama vidudu vya nagana katika damu, naye farasi hukonda ilhali anakula, akavimba chini ya tumbo, hata miguu ikashindwa kuuchukua mwili wake mwenyewe, seuze mpandaji na bunduki yake. Tena palikuwa na maradhi mengine, yaenezwayo na usubi wakati wa mvua, ambayo humwua farasi kwa siku chache, povu likimtoka puani.

Baghala na punda, waliochukua unga, dawa na risasi, nao waliteketea kwa maelfu. Ndipo mizigo ilipotwikwa vichwani mwa wapagazi, wana wa nchi hizi, ambao hawastahili kusahauliwa hapa, kwa kuwa walizipita njia zile zile zilizonuka mizoga, nao pia wakafa kwa maelfu, kwa njaa, homa na tumbo la kuhara damu.