Nishani ya Nini? Ushujaa, Utumishi na Beji Vifuani mwa Askari

Novemba 28, 1914, mashua ya mvuke ilikuwa ikitoka katika bandari ya Dar es Salaam huku risasi zikiinyeshea kutoka ufukweni. Ndani yake alikuwamo Kamanda Henry Peel Ritchie wa manowari ya Kiingereza Goliath, aliyekuwa ameingia bandarini kuzilemaza meli za Wajerumani. Alijeruhiwa, akaendelea kuongoza. Akapigwa tena, na tena. Jeraha la nane ndilo lililompotezea fahamu, dakika 20 na kitu baada ya lile la kwanza. Kwa tendo hilo alitunukiwa Msalaba wa Victoria. Kwa kufuata tarehe za matendo yenyewe, huo ndio wa kwanza kwa mwanamaji wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kitu alichovishwa Ritchie hupewa majina matatu katika maandishi ya Kiswahili: nishani, medali na beji. Mara nyingi waandishi huyabadilisha kana kwamba yana maana moja. Hayana.

Nishani ni neno la Kiajemi lenye maana ya alama au ishara. Lilienea kwa Waturuki, Waarabu na Wahindi, na pwani ya Afrika Mashariki likashika maana ya pambo la heshima linalotolewa na mtawala. Zanzibar ilikuwa na nishani yake, ile ya Nyota Ing'aayo, iliyoanzishwa na Sultani Barghash katika karne ya 19. Medali limekuja baadaye kutoka Kiingereza, na leo makazi yake makuu ni viwanja vya michezo: medali ya dhahabu, ya fedha, ya shaba. Jeshini nishani ndilo neno lililotulia, na lina vitenzi vyake: nishani hutunukiwa au huvishwa, haichukuliwi wala haishindwi kama kombe.

Tatizo la nishani ni upana wake. Kiingereza kina maneno mbalimbali kwa daraja la heshima ambalo mtu huingizwa, kwa tuzo ya tendo la ushujaa, na kwa medali ya kuwapo vitani au kutumikia miaka mingi. Kiswahili huyafunika yote kwa neno moja, kwa hiyo kazi ya kutofautisha hufanywa na maneno yanayofuata. Nishani ya vita hupewa kila aliyetumika katika mapigano fulani. Maelfu wanaweza kuwa nayo. Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, inayofahamika sana Tanzania, hupimwa kwa miaka na mwenendo. Nishani ya ushujaa hupimwa kwa tendo, pengine tendo la dakika chache tu, na hapo ndipo uadimu unapoanzia.

Uadimu huo hautokani na madini. Msalaba wa Victoria, uliowekwa na Malkia Victoria mwaka 1856, ni kipande cha shaba chenye upana wa kama sentimita tatu na nusu, kinachoning'inia kwenye utepe mwekundu uliokoza. Mbele kuna simba, taji na maneno mawili yenye maana ya "Kwa Ushujaa". Ukiugeuza unakuta tarehe ya tendo imechongwa katikati ya msalaba, na jina la askari nyuma ya kipande cha juu kinachoushikilia. Tangu mwanzo wake umetolewa mara zaidi ya 1,350 tu, na watu watatu peke yao wameupata mara mbili: Arthur Martin-Leake, Noel Chavasse na Charles Upham. Wawili wa kwanza walikuwa madaktari, waliosifiwa kwa kuwaokoa majeruhi chini ya risasi.

Kenya ina jina lake katika orodha ya waliotunukiwa msalaba huo. Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya na askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wengi walilijua kwa jina la Keya, alikuwa Colito, Ethiopia, Mei 19, 1941, vifaru vya Waitalia vilipowashambulia wenzake ghafla. Alirukia juu ya kifaru kimoja, akafungua mlango wake wa juu, akawapiga risasi waliokuwamo na kumbakiza dereva, aliyemlazimisha kukiendesha hadi mahali pa kujificha. Kisha akaviendea vingine kwa miguu. Akiwa juu ya kifaru cha pili, aliuawa. Nishani yake ilitangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye.

Askari Waafrika wa jeshi hilohilo waliwekewa nishani yao ya mwenendo bora vitani, yenye jina la King's African Rifles mgongoni, kando na ile waliyopewa askari wa Uingereza. Kumtaja askari kuwa "alipewa nishani" bila kusema ipi ni kuuficha ubaguzi huo, na pia kumnyima mtu huyo sifa ya kile hasa alichokitenda.

Swali la nani ametoa nishani nalo lina uzito wake. Idi Amin wa Uganda alijivika nishani aliyoiita Msalaba wa Ushindi, ambayo kwa Kiingereza ilifupishwa kwa herufi zilezile za Msalaba wa Victoria. Baadaye Uganda ilimtunuku Mwalimu Nyerere, akiwa tayari marehemu, Nishani ya Katonga, ya juu kabisa ya kijeshi nchini humo. Ni yeye aliyeiongoza Tanzania katika vita vilivyomng'oa Amin mwaka 1979.

Beji ni jambo jingine kabisa. Huonyesha kazi, kikosi au ujuzi: mabawa ya rubani, alama ya mrukaji wa miavuli. Kwa kawaida haisimulii tendo la ushujaa, lakini inaweza kuwa adimu kuliko nishani nyingi. Walinzi wa Kaburi la Askari Asiyejulikana huko Arlington, Marekani, hulinda usiku na mchana tangu 1937. Mlinzi hutembea hatua 21, akageuka, akasimama sekunde 21. Anayefuzu hupewa beji yenye picha ya kaburi na shada la majani lililopinduliwa juu chini kuashiria maombolezo. Zilizotolewa tangu miaka ya 1950 hazijafika 1,000, na mwenye nayo akijivunjia heshima anaweza kunyang'anywa hata baada ya kuacha jeshi.

Kwa mwandishi wa habari au mtunzi wa kamusi, basi, beji ibaki kwa ujuzi na kazi, medali ibaki michezoni, na nishani isiachwe peke yake. Mwanajeshi mstaafu aliyepigana vita vya Kagera dhidi ya Amin anaweza kuwa na nishani ya vita na ya utumishi mrefu kwenye kifua kimoja. Zitajwe zote kwa majina yake kamili, na kila moja ielezwe imetolewa na nani na kwa lipi.