Mavi ya Tembo, Dubu na Jitu Lakalanga: Kitabu Kinachosubiriwa Endulen

Unamjua mtoto wa aina hii. Pengine ulikuwa wewe mwenyewe. Ukimpa kitabu, kwanza anaangalia kina kurasa ngapi. Ukimwambia kina mafunzo, basi umeshaharibu. Lakini mwambie kuna mtaalamu mzima, mwenye elimu yake, aliyegundua jambo kubwa la sayansi kwa sababu alikuwa anakwepa mavi ya tembo. Hapo atakusogelea mwenyewe: "Enhe, ikawaje?"

Ikawa hivi. Mwaka 1976 Mary Leakey alikuwa na kambi ya utafiti Laetoli, jirani na Endulen, ndani ya Ngorongoro. Siku moja watafiti waliofika kumtembelea wakaanza kurushiana mavi makavu ya tembo. Ndiyo, watu wazima! Mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa akajikuta yuko chini, uso karibu na mwamba. Mbele ya pua yake akaona vishimo vidogo vya matone ya mvua, na pembeni nyayo za wanyama. Zote zilikuwa ndani ya jiwe.

Jiwe hilo lilianza kama majivu ya volkano. Majivu yalimwagika, yakapata manyunyu, wanyama wakapita juu yake, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji. Kisha majivu mengine yakafunika. Mwaka 1978 Paul Abell akaona alama ya kisigino kilichofanana na cha mtu. Walipochimba wakapata njia ya nyayo yenye urefu wa mita 27 hivi, ya zamadamu waliopita hapo miaka milioni 3.66 iliyopita. Walitembea wima kwa miguu miwili, ingawa ubongo wao ulikuwa mdogo, unaokaribiana na wa sokwe. Zana za mawe za zamani zaidi zinazojulikana zina miaka milioni 3.3. Kwa hiyo miguu ilitangulia, ufundi ukafuata.

Sasa tuache nyayo kidogo tuingie maktaba, maana swali letu ni hili: hadithi kama hiyo ingekaa kwenye kitabu gani cha Kiswahili?

Vitabu vya safari na maajabu tunavyo tangu zamani. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa tafsiri za Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka 1932 Safari za Gulliver. Mwaka 1951 Shaaban Robert akatupa Kusadikika, nchi iliyo angani, ambayo wajumbe wake hutumwa pande zote hadi mbinguni na duniani. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi akatoa Walenisi, ambamo Dzombo anasafiri kwa chombo cha angani hadi kwenye sayari ngeni. Ukilitamka jina la sayari hiyo polepole utasikia utani wake: wale ni sisi.

Ukiangalia vizuri, utaona Shaaban Robert na Mkangi walipaa angani ili wapate nafasi ya kuwasema watawala wa ardhini. Ni kazi nzuri sana, lakini mtoto wa darasa la tano bado hajafika huko. Na vile vitabu vilivyowafanya vijana wengi wa Tanzania wasome bila kulazimishwa, kama vya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, vilikuwa na mbio, bastola na hatari. Vilithibitisha jambo moja muhimu: msomaji mvivu si mvivu, anasubiri kitu cha kumfanya afungue ukurasa unaofuata. Ila navyo havikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi.

Kwa mtoto wa Endulen kuna mlima mwingine. Nyumbani wengi huzungumza Kimaa. Shule ya msingi ni Kiswahili, sekondari ni Kiingereza. Mtoto huyu anakutana na sayansi kwa lugha ya pili, kisha ya tatu, na kila mara inakuja ikiwa imeshanyooshwa: jibu sahihi, chora, taja sehemu zake. Anaishia kuamini kwamba wanasayansi ni watu wasiokosea. Yeye anakosea kila siku, kwa hiyo hayumo.

Hapo ndipo kichekesho kinapofanya kazi ambayo kitabu cha kiada hakiwezi. Sikiliza hii. Mwaka huohuo wa 1976, sehemu nyingine ya Laetoli, zilipatikana nyayo za ajabu ajabu, na baadaye ikatolewa hoja kwamba ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Zikawekwa kando kwa miongo kadhaa. Kisha watafiti wakazichimbua upya, na huko Marekani wakawashawishi dubu wadogo kwa vitu vitamu wasimame na kutembea wima, ili walinganishe hatua. Mwaka 2021 wakachapisha jibu: si dubu, ni zamadamu. Mtoto akicheka hapo, ameshaelewa jinsi sayansi inavyojisahihisha, na hakuna aliyemhubiria.

Wenyeji nao hawakukaa kimya wakisubiri wageni. Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2019 maelezo ya Wamaasai wa eneo hilo kuhusu nyayo hizo: ni za Lakalanga, shujaa aliyekuwa mkubwa kiasi kwamba kila alipokanyaga aliacha alama ardhini. Hebu niambie, mwandishi gani angekataa mhusika kama huyo?

Basi kama unaandika, chukua kanuni hii. Uongo uwe mmoja tu: mtoto na mbuzi wake wanarudishwa nyuma miaka milioni 3.66. Mengine yote yawe kweli: majivu, manyunyu, farasi wa kale mwenye kwato tatu, watu wafupi wanaotembea wima. Lakalanga awe kiongozi wa msafara. Na lazima mtu aanguke.

Tangu Juni 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, Handeni, katika mpango ambao serikali inauita wa hiari na wengine wanaupinga. Nyayo zimebaki, zimefukiwa ili zisiharibike. Mtoto aliyekulia jirani nazo anaweza kuwa mbali nazo sasa, na hata aliyebaki haoni ila mawe juu ya udongo. Kitabu anaweza kukibeba popote. Nani anaanza ukurasa wa kwanza?