Safari Iliyokatwa Vipande: Abiria wa Mwendokasi Dar es Salaam

Kwa miaka mingi abiria wa Dar es Salaam alizoea kupanda gari moja na kushuka karibu na aendako. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilielemewa na wingi wa watu, na mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Hayo ndiyo daladala, jina litokanalo na dala, yaani shilingi tano, iliyokuwa nauli yake. Abiria aliyalaumu, na kwa haki: msongamano, lugha chafu ya makondakta, wanafunzi kukataliwa mlangoni. Lakini yalikuwa na fadhila moja: yalipenya mitaa mingi.

Mwezi wa Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi, katika njia yake pekee ya kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco. Daladala nyingi za Barabara ya Morogoro zikahamishiwa kwingine. Waliobuni mradi walijua kwamba watu hawalali vituoni. Ndiyo sababu yakawekwa mabasi ya mlisho, kama yale ya Mbezi, ya kumleta abiria Kimara. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, ya mlisho 400, na ya zote mbili 800. Nafuu hiyo ya shilingi 250 ndiyo iliyobeba fikra nzima: vipande viwili vihesabiwe safari moja.

Fikra ilikuwa njema. Lakini mabasi yenyewe yalikuwa machache, na mwaka 2018 karakana yao katika bonde la Jangwani ikafurikwa maji. Basi la mlisho lisipofika, abiria hukodi bajaji au bodaboda, akalipa nauli ya pekee, na ile nafuu ikayeyuka. Neno lenyewe mwendokasi (nasi walimu twapenda kupima maneno) lasifu basi likiwa njiani. Halisemi lolote juu ya muda wa kusimama kituoni. Mtaalamu huanza kuhesabu dakika Kimara. Abiria huanza kuzihesabu afungapo mlango wa nyumba yake, na ndiyo maana majibu yao hayalingani.